Wakazi wa Wodi Namba Tatu

Karani wa masjala hakuwa mtu wa kudharau ovyo. Alidharau kwa utaratibu, kila mtu na fungu lake. Madaktari aliwadharau kwa mwandiko wao, wauguzi kwa kupoteza kadi, wagonjwa kwa kutojua mwaka waliozaliwa, na bwana afya kwa mahubiri yake ya kufyeka majani, ilhali majani ya nyumbani kwake mwenyewe yalikuwa yanachungulia dirishani. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa katika chumba kile cha mafaili, na hospitali nzima ilimwita Bi Daftari. Alijua wanamwita hivyo kwa kejeli. Hakujali, maana alijiona ndiye mtu pekee pale ndani anayejua anachokifanya.

Kazi yake kubwa ilikuwa malaria. Kila aliyepimwa akakutwa na vijidudu aliingizwa kwenye daftari jekundu: jina, umri, makazi, tarehe, alipona au hakupona. Kila baada ya miezi mitatu Bi Daftari alijumlisha, akatoa jedwali la makazi, kitongoji kimoja baada ya kingine, kuanzia chenye wagonjwa wengi hadi chenye wachache. Jedwali lilibandikwa ukutani nje ya ofisi ya Mganga Mkuu, na bwana afya akapanda pikipiki kwenda kuwahubiria watu wa kitongoji kilichoongoza. Bi Daftari hakuwa na haja ya kwenda. Alishawajua wote kwa jedwali: wale wa bondeni ni wavivu wa kuzaliwa, wale wa ng'ambo ya daraja vyandarua wanafugia vifaranga, na wale wa kilimani wanajifanya wasomi lakini wanalala madirisha wazi.

Msimu huo wa mvua, wifi yake alikuwa amelazwa Wodi Namba Tatu, wodi ya wanawake waliovunjika mifupa. Wifi huyu, mke wa mdogo wake wa kiume, alikuwa fundi wa mapazia. Alipanda kigoda kupima dirisha la mteja, kigoda kikateleza, paja likavunjika. Na alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, baada ya miaka tisa ya ndoa. Sasa alilala chali, mguu umefungwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo miguuni mwa kitanda na kuning'iniza mfuko wa mchanga. Wiki sita hivyo, walimwambia, asijigeuze.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Kabla ya kuondoka alimwambia dada yake, "Dada, nakuachia watu wawili." Bi Daftari akamjibu aende zake, asimletee maneno ya kwenye redio. Lakini alikwenda wodini kila siku saa ya chakula cha mchana, na chupa ya uji mkononi na sura ya mtu anayelazimishwa.

Usidhani walipendana. Mawifi hawa walikuwa wanachokozana tangu siku ya posa. Bi Daftari alimwona fundi huyu mwepesi, mcheka ovyo, mtu wa shule ya kuungaunga. Fundi naye alimwita wifi yake "Serikali".

"Serikali imekuja," alisema siku moja ya Jumatatu, wiki yake ya tatu kitandani. "Vuta kiti. Nina jambo la kikazi."

"Wewe na kazi wapi na wapi? Kunywa uji."

"Nitakunywa. Sikiliza kwanza. Yule mama wa kitanda cha pembeni, aliyekuja na mkono, jana kaanza kutetemeka. Malaria. Wa kabla yake, bibi wa nyonga, malaria. Yule msichana wa kifundo cha mguu, malaria. Wote walikuja wazima isipokuwa mifupa yao. Wanakaa kama wiki mbili, halafu homa. Nimehesabu saba, wifi. Saba katika vitanda kumi na viwili."

Bi Daftari akabenua midomo. "Kwa hiyo sasa umekuwa mtaalamu."

"Mimi nimelala chali siku ishirini. Ningefanya nini kingine? Nahesabu." Akaelekeza kidole dirishani bila kugeuza kichwa. "Na mbu wanatokea pale. Jua likizama tu, wanaingia kama wamealikwa. Niletee chandarua chako cha nyumbani, wifi. Mimi nisingekuomba, unajua. Namwombea huyu wa tumboni."

Nje ya dirisha kulikuwa na shimo. Hapa inabidi tusimame kidogo tulieleze, maana hospitali hiyo ililijivunia sana. Mwaka uliopita Mganga Mkuu aliamua kujenga wodi mpya, kubwa, ya wagonjwa wa malaria tu. Shimo la msingi likachimbwa, urefu kama wa mabasi mawili. Mkubwa mmoja akaja na msafara akaweka jiwe la msingi, picha zikapigwa, kisha mafundi wakaondoka na hawakurudi tena. Mvua ikanyesha. Shimo likajaa maji masafi, maangavu, yasiyokwenda popote, na ndani yake viluwiluwi wa mbu wakacheza mchana kutwa. Kila aliyepita aliona. Kibao cha mradi kilisimama pale pale ukingoni kwa herufi kubwa, kikieleza kuwa hapo ndipo malaria itakapokomeshwa.

Na vyandarua? Vilikuwepo, tena mia mbili, vipya. Vilipofika, vile vya zamani vya wodini vilishushwa vyote vikachomwa moto, ili vipya visije vikaonekana vimeletwa kuziba viraka. Kisha vipya vikafungiwa stoo vikisubiri kuzinduliwa. Mgeni rasmi aliahirisha mara ya kwanza kwa safari, mara ya pili kwa kikao, mara ya tatu bila kutoa sababu. Mwezi wa tatu tangu vifike ulikuwa unaisha, na wagonjwa wamelala uchi wa vyandarua kwa heshima ya mgeni.

Bi Daftari aliyajua yote haya na aliyadharau inavyostahili. Lakini ya wifi aliyadharau zaidi.

"Daftari langu halisemi hivyo," alisema. "Yule wa nyonga anatoka bondeni. Bondeni wanaongoza kila mwaka. Kaja na malaria yake mwilini, imelala, imeamka. Na vyandarua vya nyumbani haviruhusiwi wodini, kanuni ipo mlangoni pale, ungekuwa unasoma ungeiona. Kuhesabu waachie wanaolipwa mshahara kuhesabu."

Wifi alimtazama. Kisha akacheka, kama kawaida yake, akanywa uji.

Siku tisa zikapita. Bi Daftari aliendelea kuja na chupa ya uji, na wifi hakutaja tena chandarua. Alikuwa mcheshi lakini hakuwa mtu wa kuomba mara mbili.

Siku ya tisa, Jumatano, Bi Daftari alikaa kufanya jedwali la robo mwaka. Mgeni rasmi alikuwa amekubali tarehe nyingine, ya nne sasa, Alhamisi ya wiki iliyofuata, na Mganga Mkuu alitaka jedwali kubwa la kupendeza. Bondeni iliongoza, kama ilivyotarajiwa. Akasonya kwa kuridhika. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuhakiki, akachomoa mafaili ya watu wa bondeni ayalinganishe na daftari. La kwanza: bibi, nyonga, kalazwa tarehe mbili, homa tarehe kumi na tisa, Wodi Namba Tatu. La pili: goti, Wodi Namba Tatu, homa baada ya siku kumi na sita. Akachukua la tatu. Akaanza kuchomoa na ya kilimani na ya ng'ambo ya daraja. Meza ikajaa, akahamia sakafuni.

Hao wagonjwa hawakuumwa na mbu wa bondeni wala wa kilimani. Walikuwa wameumwa hapa hapa, mita thelathini kutoka kwenye kiti chake, na yeye akawa anawarudisha makwao kwa kalamu. Safu ya makazi ilidai makazi, naye aliandika makazi. Mtu akilala hospitali wiki tano mguu hewani, akaugua siku ya ishirini, Bi Daftari alimwandika kijijini kwake, na bwana afya akapanda pikipiki kwenda kuwagombeza majirani zake. Katika wagonjwa sitini na mmoja wa robo ile, ishirini na watatu walikuwa wamelazwa tayari kwa maradhi mengine, siku kumi au zaidi, kabla ya homa kuanza. Kumi na wanne kati ya hao ni wa Wodi Namba Tatu. Wifi, bila kalamu, alikuwa amepatia.

Akafunga chumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi, akaenda kwa Mganga Mkuu.

Mganga Mkuu alikuwa mtu mnene wa maneno, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi yakang'aa. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa upole kama anayesikiliza kwaya ya watoto.

"Kazi nzuri sana, Bi Daftari. Hizi takwimu ni dhahabu. Unaona sasa jinsi tunavyohitaji ile wodi mpya?"

"Ile wodi ndiyo shimo, Mkubwa. Shimo ndilo linalowaumiza."

"Shimo ni mradi. Mradi hauguswi bila kibali."

"Basi toa vyandarua. Viko stoo. Ni hatua arobaini kutoka hapa."

"Vitatoka Alhamisi ijayo. Siku nane tu. Nikivitoa leo, mgeni atazindua nini? Hewa?" Akacheka, akamwomba aandae jedwali kwenye karatasi kubwa, herufi zisomeke kwa mbali.

Bi Daftari aliteremka hadi stoo. Mtunza stoo alikuwa amekaa juu ya marobota ya vyandarua, ameyageuza kiti, anakula karanga. Alisema hawezi kutoa hata kimoja bila saini, na kwamba kwa kweli angependa, ila yeye ni mtu mdogo. Bi Daftari alimwambia kuwa udogo huo ameutafuta mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni ile, jua halijazama, alirudi wodini na chandarua chake mwenyewe, cha bluu kilichopauka, chenye viraka vitatu. Muuguzi wa zamu akasimama mlangoni, akamwonyesha kanuni ukutani. Bi Daftari akamwambia kanuni hiyo aliichapa yeye mwenyewe kwa mashine ya taipu, miaka kumi na miwili iliyopita, na makosa mawili ya herufi yamo humo hadi leo, kwa hiyo asimsomee. Akapanda kiti. Akafunga kamba kwenye chuma cha gurudumu na kwenye msumari wa dripu, akachomeka kingo chini ya godoro kuzunguka ule mguu uliovutwa. Ilimchukua karibu saa nzima. Jasho lilimtoka.

"Serikali imefanya kazi," wifi alisema kutoka ndani.

"Nyamaza. Na ulikuwa sahihi. Nilihesabu."

"Ngapi?"

"Kumi na nne, wodi hii peke yake."

Wifi hakucheka. "Mimi nilifikia kumi na moja," akasema. "Wengine watakuwa walihamishwa."

Siku zile nane zilizofuata, Bi Daftari alilala nyumbani bila chandarua na kuamka amejaa vipele, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijiona ana maana. Kila mchana alipeleka uji, akainua ukingo wa chandarua, akagusa paji la uso la wifi yake kwa mgongo wa mkono. Baridi. Baridi. Wifi akamtania kuwa amekuwa mkunga. Wakabishana jina la mtoto. Bi Daftari akapendekeza jina la mama yake, wifi akasema hilo ni jina la mtu wa kugombana, na wote wawili wakajua kuwa ni kweli.

Alhamisi ikafika. Hospitali ilipigwa deki mara mbili. Kando ya shimo waliweka mahema na viti, na kwa kuwa shimo lenyewe halikupendeza machoni, walilizungushia vitambaa vya rangi. Mganga Mkuu alikuwa amepanga kila kitu: mgeni ataingia Wodi Namba Tatu, atamkabidhi chandarua cha kwanza mgonjwa mmoja, na mgonjwa huyo atakuwa fundi wa mapazia. Mjamzito, mguu juu, uso wa kucheka. Kwa picha, alisema, hapatikani mwingine kama huyu. Asubuhi akapita na kuamuru kile kitambaa cha aibu, cha bluu chenye viraka, kishushwe.

Bi Daftari alifika saa nne kubandika jedwali ukutani mwa wodi. Alikuta chandarua chake kimekunjwa chini ya kitanda na wifi amejifunika shuka hadi kidevuni. Mfuko wa mchanga ulikuwa unatikisika kwenye kamba yake.

Alinyoosha mkono, akamgusa paji la uso. Hakuhitaji kipimo.

"Tangu saa ngapi?"

"Alfajiri," wifi alisema, meno yakigongana. "Niliwaambia. Wakasema nisubiri picha."

Bi Daftari alisimama pale na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani, hakuiomba. Mbu akiuma leo, homa huja baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Leo ni Alhamisi. Rudi nyuma siku kumi: Jumatatu. Rudi siku kumi na nne: Alhamisi ya kabla yake. Wifi aliomba chandarua Jumatatu iliyotangulia. Mbu aliyemuuma alimuuma katika zile siku tisa ambazo karani wa masjala alikuwa anapita pale kila mchana na chupa ya uji na midomo iliyobenuliwa. Haikuwezekana kuwa siku nyingine. Alirudia hesabu mara ya pili, naye hakuwahi kukosea kujumlisha.

Alimwita muuguzi, akamtuma maabara kwa sauti ambayo muuguzi hakubishana nayo. Lakini msafara ulishaingia. Mgeni rasmi alikuwa mtu mrefu mwenye manukato, aliyesalimia vitanda kwa kupunga mkono. Kamera zikajipanga. Chandarua cha kwanza kikafunguliwa kwenye mfuko wake wa nailoni na kuwekwa kifuani mwa mwanamke anayetetemeka, na mpiga picha akamwomba atabasamu, na wifi, kwa jinsi alivyo, akajaribu.

Kisha mgeni akageukia ukutani. Jedwali lilikuwa kubwa, herufi zinasomeka kwa mbali, kama alivyoagizwa. Bi Daftari alikuwa amekesha nalo siku mbili kabla, na safu ya makazi aliijaza upya: kila mgonjwa aliandikwa mahali alipoumwa.

"Nafasi ya kwanza," mgeni akasoma kwa sauti ya jukwaani, "Wodi Namba Tatu, wagonjwa kumi na wanne. Hii haikubaliki. Watu wa huko hawajaelimishwa. Mwenyekiti wao yupo hapa? Asimame."

Hakuna aliyesimama. Mganga Mkuu alipata shughuli ya ghafla na tai yake. Mtunza stoo alitazama viatu.

"Mwenyekiti hayupo, mheshimiwa," ikasikika sauti kutoka kitandani, nyembamba, ikikatikakatika. "Mimi ni mkazi."

Mgeni alitazama kitanda, akatazama jedwali, akatazama dirisha na vile vitambaa vya rangi. Mtu mmoja nyuma alicheka akajizuia. Ilichukua muda kidogo, lakini hata kwa mgeni rasmi mambo hufika.

Siku hiyo hiyo alasiri lilikuja lori la udongo, likafuatwa na jingine. Bi Daftari alisimama dirishani na saa yake. Shimo lililokaa mwaka mzima bila kibali lilifukiwa kwa muda wa saa moja na dakika ishirini. Vyandarua vyote vilikuwa vimefungwa wodini kabla ya saa kumi na mbili, na Mganga Mkuu alikuwa ameshaanza kusema kwamba wazo lilikuwa lake.

Wifi alitundikiwa dripu ya dawa. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Jumamosi asubuhi, mguu ukiwa bado umefungwa kwenye kamba kwa sababu haukuweza kufunguliwa, mimba ilitoka. Alikuwa wa kike. Bi Daftari ndiye aliyempokea kwenye kitambaa, maana muuguzi alikuwa mmoja na vitanda kumi na viwili, na ndiye aliyempigia simu mdogo wake barabarani. Ilisikika injini ya lori tu, kisha ikazimwa.

Siku nne wifi hakuzungumza naye. Alikunywa uji, akarudisha kikombe. Siku ya tano Bi Daftari alikuja na daftari jekundu, akalifungua juu ya magoti yake kando ya kitanda, chini ya chandarua kipya cheupe.

"Nataka uone nilivyokuandika," alisema.

Wifi aligeuza macho. Jina, umri. Makazi: Wodi Namba Tatu, kitanda cha nane. Pembeni, mahali ambapo daftari halikuwa na safu, Bi Daftari alikuwa amepiga mstari kwa rula na kuongeza safu moja, na humo ameandika kwa mwandiko wake safi: mtoto mmoja, wa kike.

"Na sababu?" wifi aliuliza.

"Mbu."

"Andika vizuri."

Bi Daftari alitoa kalamu.

"Siku ile ya Jumatatu," wifi alisema polepole, "nilikwambia nimehesabu saba. Ulinijibu nini?"

"Wifi."

"Ulinijibu nini, Serikali? Nakuuliza."

"Nilisema kuhesabu uwaachie wanaolipwa mshahara."

"Basi andika hivyo hivyo," wifi alisema, akageuzia uso wake dirishani. "Usipunguze neno."

Naye akaandika.